Kuloweka maharage kunapunguza muda wa kuiva? Namna ya kupima jikoni

"Maharage haya hayaivi" ni lalamiko, halipimiki. Liwe swali: yaliyolowekwa saa 12 yanatangulia kuiva kwa dakika ngapi? Andika dhanio lako kabla ya kuwasha jiko, kwa mfano dakika 30. Ukiliandika baadaye, litafuata majibu.

Nunua kilo moja na nusu kutoka gunia moja, soko la Kilombero kwa walio Arusha au la Mbuyuni kwa walio Moshi. Maharage yaliyokaa sana ghalani huwa magumu. Ukichanganya magunia, ugumu huo utausingizia kutoloweka. Chambua, kisha pima mafungu sita ya gramu 200 yakiwa makavu. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanapima baada ya kuloweka, wakati fungu limeshakunywa maji na uzito umekaribia mara mbili.

Pika jozi moja kwa siku, yaani fungu moja lililolowekwa saa 12 na moja kavu, siku tatu. Leo anza na lililolowekwa, kesho na kavu. Mengine yote yasibadilike: sufuria ileile na mfuniko wake, jiko la gesi (mkaa hupungua moto taratibu usione), lita 2 za maji kutoka bomba moja, kwa kuwa maji yenye chokaa nyingi huchelewesha kuiva. Yakikauka, ongeza ya moto. Magadi usiguse, ukiyatia kwenye fungu moja, hutajua kilichofanya kazi ni magadi au ni kuloweka.

Hesabu dakika tangu maji yachemke yakiwa na maharage. Kuanzia dakika ya 20, kila dakika 10 chota punje 10 katikati ya sufuria. Zikipondeka 9 kwa vidole, yameiva. Abonyeze mtu asiyeambiwa ni fungu lipi, maana anayetamani jibu fulani hukaza vidole bila kujijua.

Jaribio lote lifanyike mji mmoja. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka karibu nyuzi 95 za Selsiasi. Moshi iko chini zaidi, huchemka karibu nyuzi 97. Dakika za miji hiyo miwili usizichanganye kwenye jedwali moja.

Sasa soma namba. Namba tatu za dakika za yaliyolowekwa zote zikiwa chini ya namba tatu za makavu, dhanio kwamba kuloweka kunapunguza muda lina mashiko. Zikiingiliana, rudia kwa mafungu mengi zaidi. Tofauti isiyofika dakika 10 usiitangaze, kwani ulikuwa unachota kila baada ya dakika 10.