Kupima Ramani ya Cantino ya 1502, kutoka Kilwa hadi Malaka

Ramani hii ilichorwa Lisbon juu ya vipande sita vya ngozi vilivyogundishwa, upana kama sentimita 220 na kimo 105. Alberto Cantino, ambaye ramani imepewa jina lake, aliipeleka kwa siri kwa mtawala wa Ferrara, Italia, na sasa iko katika maktaba ya Biblioteca Estense, Modena. Tunaipima ili kuona imepotoka kiasi gani ikilinganishwa na ramani ya leo. Ichukulie kuwa ramani tatu ndani ya moja: Mediterania imetokana na ramani za kale za mabaharia, pwani ya Afrika imewekwa kwa kupima kimo cha jua na nyota, na mashariki ya India ni habari za kusikia. Ukizipima zote kwa mkupuo mmoja, majibu yatakuwa ovyo.

1. Picha. Tafuta nakala yenye upana wa pikseli 8,000 au zaidi. Chini ya hapo majina ya bandari hayasomeki. Usiinyooshe kwa programu ya picha kabla ya kupima.

2. Digrii moja ni pikseli ngapi? Pembeni hakuna kipimo cha latitudo, ila ikweta na tropiki zote mbili zimechorwa. Pima kutoka ikweta hadi Tropiki ya Kaprikoni, gawanya kwa 23.5, yaani digrii zilizo kati yake. Mfano wa hesabu: ikweta ikiwa kwenye pikseli 2,400 na tropiki 3,340, tofauti ni 940, yaani pikseli 40 kwa digrii. Rudia magharibi na mashariki ya Afrika. Namba zikitofautiana, ngozi imejikunja au kamera ilikaa upande. Tumia kipimo cha eneo unalolishughulikia.

3. Bandari. Linganisha na latitudo za leo: Malindi 3°13′ Kusini, Kilwa Kisiwani 8°58′ Kusini, Rasi ya Tumaini Jema 34°21′ Kusini, Kalikuti (pwani ya magharibi ya India) 11°15′ Kaskazini. Kwa mfano wetu, Kilwa ingetarajiwa karibu na pikseli 2,759. Kosa la kawaida ni kubofya bendera au picha ya ngome. Hizo huwekwa penye nafasi, wala si penye bandari. Bofya pale jina linapoanzia ufukweni. Majina yako kwa Kireno cha enzi hizo, kwa hiyo Kilwa itafute kama Quiloa na Malindi kama Melinde.

4. QGIS (programu ya kompyuta ya ramani). Fungua Georeferencer, kifaa chake cha kuipa picha latitudo na longitudo, chagua EPSG:4326 (mfumo wa kawaida wa digrii), weka alama 8 hadi 10 za pwani ya Afrika peke yake, kisha tumia Polynomial 1, njia rahisi isiyoipinda picha. Alama 3 zinatosha kuendesha hesabu, lakini hazikuonyeshi kosa lolote. Thin Plate Spline iache kwanza: huivuta picha mpaka kila alama ikae mahali pake, kosa linasomeka sifuri, na upotofu uliokuwa ukiutafuta umefutika. Tazama makosa ya kaskazini–kusini mbali na yale ya mashariki–magharibi. Ya pili kwa kawaida huwa makubwa zaidi, kwa sababu longitudo baharini ilikadiriwa tu kwa mwendo wa chombo na dira.

5. Mashariki ya India. Rasi ya Malaka (Malaysia ya leo) inashuka mbali kusini ya ikweta, ilhali mji wenyewe wa Malaka uko 2°12′ Kaskazini. Usiirekebishe, soma maandishi yaliyo kando yake. Yanataja bidhaa, zikiwemo karafuu, sandali, miski na vyombo vya kauri, na baadhi ya maandishi ya upande huo yanatoa kimo cha nyota kwa vidole, kipimo cha marubani wa Bahari ya Hindi. Kidole kimoja ni 1°36′ au 1°43′, kutegemea duara zima limegawanywa vidole 224 au 210. Kukigeuza kuwa latitudo moja kwa moja ni hatari: mwaka 1500 Nyota ya Kaskazini ilikuwa kama digrii 3 na nusu kutoka ncha ya mbingu.

6. Njia za biashara. Ukishaunganisha Malindi na Kalikuti, usigeuze kilomita kuwa siku. Baharia Mreno Vasco da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, kusi inaanza, akafika pwani ya Kalikuti tarehe 20 Mei. Kurudi aliondoka Anjediva, kisiwa cha pwani ya magharibi ya India, tarehe 5 Oktoba, kaskazi haijashika. Shwari na pepo za mbisho zikamchelewesha hadi tarehe 2 Januari 1499 alipofika mbele ya Mogadishu, na mabaharia wengi walikufa kwa kiseyeye. Kwa hiyo chora mistari miwili, wa kwenda na wa kurudi, na kila mmoja uuandikie mwezi wa kung'oa nanga.