SOMO: Chaja kupata moto, lini ni kawaida na lini uizime

Wakuu, habari. Kila wiki naletewa chaja dirishani na swali lile lile: "Fundi, inapata moto, italipuka?" Naandika mara moja. Akikuuliza mwenzio, mpe hii asome.

Joto lenyewe si ugonjwa. Umeme wa ukutani ni volti 230, simu inataka 5 au 9. Katika kuushusha, kiasi kinapotea kama joto. Chaja iliyoandikwa 5V 2A inatoa wati 10 lakini inavuta kama 12. Hizo mbili ndizo unazozisikia mkononi.

1. Chaji dakika 20, shika kichwa cha chaja. Vuguvugu, endelea. Ikikulazimisha kuiachia, zima.

2. Nusa. Ikinuka plastiki inayoungua, zima na usiirudie.

3. Itoe chini ya mto na godoro.

4. Tafuta joto liko wapi. Hapa nilikosea mwenyewe. Nilikuwa na chaja ya pini mbili za mviringo, soketi ni ya matundu matatu bapa. Nikawa nasukuma kalamu tundu la juu ili kilango kifunguke, kisha nabana pini. Ikapata moto, nikanunua nyingine. Nayo moto, nikanunua ya tatu. Usiku mmoja nikasikia mlio kama chumvi inayodondokea makaa. Asubuhi pini moja nyeusi, tundu la soketi limekuwa la kahawia. Chaja zote zilikuwa nzima! Pini zilikuwa zinacheza ndani, cheche zinaruka, joto linajikusanya palepale. Kwa hiyo zima swichi, chomoa, sogeza kidole taratibu: pini zikiwa moto kuliko mwili wa chaja, shida ni soketi. Ibadilishwe, au nunua chaja ya pini tatu. Na kalamu acheni kabisa. Kilango kile kinawakinga watoto na umeme.

5. Chaja isichangie ekstensheni na pasi au jiko.

MASWALI

Mama Wawili: Yangu inanuka kuungua ila inajaza vizuri. Nimalizie leo tu?

Fundi: Hatua ya 2, dada. Zima sasa hivi.

Mzee wa Tandika: Mafundi mnatutisha ili mtuuzie chaja.

Fundi: Mzee wangu, nimesema chaja zangu tatu zilikuwa nzima. Soma tena hatua ya 4.

Binti Pwani: Shikamoo fundi. Mbona ikikaribia kujaa chaja inapoa?

Fundi: Marahaba, umechunguza vizuri. Betri ikikaribia kujaa, simu yenyewe inapunguza umeme inaouvuta. Chaja ikifanya kazi ndogo, joto linapungua. Ndiyo maana uipime mwanzoni, betri ikiwa chini. Kama simu imejaa na chaja bado ni ya moto, hiyo ina kasoro.

Binti Pwani: Na simu yenyewe ikipata moto?

Fundi: Vua kava, acha kucheza gemu ikiwa kwenye chaji. Mgongo ukianza kuinuka, betri imevimba: usiibonyeze, usiitoboe, usiichaji tena.

Kijana wa Boda: Yangu mpaka niukunje waya ndipo ichaji.

Fundi: Jaribu waya mwingine kwanza. Ikigoma, zima simu, chokoa tundu la chaji kwa kijiti cha meno cha mbao, polepole. Vumbi la mfukoni hujishindilia humo. Sindano usiguse.

Kijana wa Boda: Limetoka pamba tupu! Inachaji.