Programu ya kutunza wateja kwa duka dogo: anzia hapa

Kabla hujalipia programu yoyote, angalia kwanza wateja wanakufikia wapi. Sisi tunauza mapazia Kariakoo, na karibu wote wanaanzia WhatsApp: picha ya dirisha, vipimo, "bei gani dada?", kisha kimya mpaka mwisho wa mwezi. Kwa hiyo ninachotaka kuliko vyote ni kukumbushwa: yule mama wa Mbezi aliyeulizia mita 12 za kijivu, nimpigie tarehe 28, mshahara ukishaingia. Programu isiyoweza hilo, hata iwe na michoro ya rangi saba, siichukui.

Ukiwa peke yako, WhatsApp Business ni bure na ina lebo hadi 20. Weka "kaulizia", "kalipa nusu", "bado kufungiwa". Mkiwa wawili watatu, jaribuni Zoho CRM, programu ya mtandaoni ya kutunza taarifa za wateja. Toleo lake la bure linachukua watumiaji 3. Ila ijaribu kwenye simu ya fundi wako, si kwenye kompyuta ya anayekuuzia programu, na uzime data katikati uone kama alichoandika kinabaki.

Uliza bei ni kwa kila mtumiaji au kwa duka zima, na inalipwaje. Nyingi zinataka kadi na dola, wakati sisi tunaingiza shilingi. Uliza pia kama siku ukihama utaondoka na orodha yako yote kwenye faili la Excel. Muuzaji wa programu akianza kuzungukazunguka, muage.

Na namba za watu zisizagae: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo. Msaidizi akiacha kazi, mfungie akaunti siku hiyohiyo.