Kupe akikuuma: kuanzia kumng'oa hadi kumaliza dozi

Shemeji yangu ni mpimaji wa ardhi, kazi yake ni kushinda kwenye nyasi na vichaka. Jioni moja alinipigia simu akiwa na furaha. "Shem, majibu yametoka. Sina Lyme." Lyme ni ugonjwa wa bakteria unaoenezwa na kupe. Nyuma ya goti alikuwa na doa kubwa, kupe alikuwa amemng'oa mwenyewe siku tisa kabla, na sasa karatasi ya maabara ilimwambia yuko salama. Mimi ni muuguzi. Nilipaswa kumwambia palepale kwamba karatasi ile haikuwa na uzito wowote kwa siku ile. Badala yake nilifurahi pamoja naye. Wiki tatu baadaye aliamka upande mmoja wa uso umelala, jicho halifungi, na maji yakimtiririka pembeni ya mdomo kila anapokunywa. Alitibiwa, akapona. Lakini kosa lile sijalisahau, ndiyo maana hatua ya 4 hapa chini ni ndefu kuliko nyingine zote.

Hatua ya 1: Mng'oe sasa hivi, kwa kibano

Tafuta kibano chenye ncha nyembamba. Vibano vya ncha pana humbana kupe tumboni, na tumbo ndilo hutaki kulibana. Mshike pale kinywa chake kinapoingia kwenye ngozi kabisa, kisha vuta kwenda juu taratibu, bila kuzungusha wala kushtua mkono, mpaka aachie. Osha kwa maji na sabuni. Kipande cha kinywa kikibaki ndani, kiache. Ngozi itakisukuma yenyewe, na wanaokichokonoa kwa sindano ndio wanaorudi na usaha.

Mafuta ya taa, njiti ya kiberiti, vaselini, rangi ya kucha: acha vyote. Njia hizo zote zinamngoja kupe aamue kutoka kwa hiari yake, wakati muda aliokaa mwilini ndio unaoamua mambo mengi. Tena usimpasue kwa kucha, hata kama umezoea kufanya hivyo kwa mifugo tangu utoto. Kupe wa jamii ya Hyalomma hubeba virusi vya homa ya Kongo-Krimea, ile ya kuvuja damu, na kumpasua kwa mikono mitupu ni mojawapo ya njia za kuipata.

Hatua ya 2: Jikague mwili mzima

Kwapani, kinenani, nyuma ya magoti, kitovuni, nyuma ya masikio, kichogoni ndani ya nywele. Kwa sehemu usizoziona, mwombe mtu akuangalie. Kupe mchanga wa jamii ya Ixodes, ambao ndio wanaoeneza Lyme, si mkubwa kuliko mbegu ya mchicha. Aliyekomaa na hajashiba ni kama ufuta. Ndiyo maana wengi wanaougua hawakumbuki kuumwa.

Hatua ya 3: Andika tarehe, mahali, na saa alizokaa

Mpige picha kupe, mtie kwenye kichupa chenye spiriti, kisha andika: umemng'oa lini, ulikuwa wapi siku chache zilizotangulia, na kama tumbo lake lilikuwa bapa au limevimba. Andika kwenye karatasi au simu, usitegemee kumbukumbu. Ugonjwa wenyewe ulifuatiliwa kwa sababu ya maandishi ya namna hii. Mwaka 1975, katika mji mdogo wa Lyme, jimbo la Connecticut nchini Marekani, mama mmoja aitwaye Polly Murray alikuwa ameweka kumbukumbu za dalili za familia yake na za majirani, watoto wengi wakivimba magoti, akazipeleka kwa wakuu wa afya. Uchunguzi ukaanza hapo. Miaka michache baadaye, mtafiti Willy Burgdorfer aliwaona bakteria ndani ya kupe, na leo bakteria hao wanaitwa kwa jina lake, Borrelia burgdorferi.

Saa zina maana. Bakteria wa Lyme hukaa tumboni mwa kupe na huchukua muda kufika kwenye mate, kwa kawaida zaidi ya saa 24. Kwa hiyo kupe aliyetambaa tu, au aliyeng'olewa baada ya saa mbili, kwa Lyme si wa kukunyima usingizi. Lakini kama ni Ixodes, mahali ni penye Lyme, na amekaa saa 36 au zaidi, muulize tabibu kuhusu dozi moja ya kinga: doksisaiklini, ambayo ni antibaiotiki, miligramu 200 kwa mtu mzima, mara moja tu, ndani ya saa 72 tangu kumng'oa. Masharti hayo yasipotimia, dozi hiyo haina kazi.

Usipoteze fedha kumpeleka kupe maabara. Akikutwa na bakteria haimaanishi amekuambukiza, na asipokutwa nao huenda kuna mwenzake ambaye hukumwona.

Hatua ya 4: Lisome doa, usisubiri karatasi

Anza na tarehe uliyoandika. Wekundu mdogo unaowasha, unaotokea siku hiyohiyo au kesho yake, ni ngozi inayokataa mate ya kupe. Hauzidi ukubwa wa sarafu na hufifia ndani ya siku mbili tatu. Doa la Lyme linakuja likiwa limechelewa, kati ya siku ya 3 na ya 30, mara nyingi karibu wiki moja baada ya kuumwa. Halafu linapanuka siku hadi siku, linavuka sentimita 5, na linaweza kufika upana wa kiganja au zaidi. Kwa kawaida haliumi, na kama linawasha ni kidogo. Ndiyo sababu watu hulipuuza.

Picha inayosambazwa kila mahali ni ya duara ndani ya duara, kama shabaha. Hiyo picha imetupotosha sana. Madoa mengi hayana pete wala kitovu cheupe, ni bapa na yana rangi moja tu. Na wekundu ni wa ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi doa hilohilo linaweza kuwa la zambarau, la kahawia iliyokoza, au likafanana na mahali palipovilia damu. Wagonjwa wenye ngozi nyeusi hugunduliwa wakiwa wamechelewa zaidi kwa sababu hiyo, na nimeona hata wauguzi wazoefu wakilipita doa bila kuliona. Kaa dirishani, mwanga uje kwa ubavu, pitisha mgongo wa mkono uhisi joto, linganisha na upande wa pili wa mwili.

Kisha chukua kalamu. Chora mstari kuzunguka ukingo wa doa, andika tarehe pembeni, piga picha ukiwa umeweka rula. Rudia kesho na keshokutwa. Doa linalovuka mstari wako siku hadi siku, kwa mtu aliyekuwa kwenye nchi ya kupe wa Lyme, linatosha kuanza dawa. Halihitaji kipimo cha damu. Mimi naiamini kalamu hiyo kuliko mashine yoyote katika wiki mbili za kwanza, na miongozo ya matibabu inasema hivyohivyo: doa likiwa wazi, tibu.

Sasa kuhusu damu, kosa langu na shemeji. Kipimo cha kawaida hakimtafuti bakteria. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili umewaunda dhidi yake, na mwili huchukua wiki kadhaa kuwaunda wa kutosha kuonekana. Ukipima siku ya tisa, unauliza swali ambalo mwili haujapata jibu lake. Majibu ya "hakuna" wakati huo ni ya kawaida kwa mtu aliyeambukizwa kweli. Kama doa linaleta shaka na tabibu anataka kupima, apime sasa na arudie wiki mbili au tatu baadaye. Zingatieni jozi hiyo, si karatasi ya kwanza peke yake.

Kipimo kinakuwa na nguvu baadaye: goti limevimba, uso umepinda, wiki au miezi imepita. Hapo hupimwa kwa hatua mbili, kipimo cha kwanza kisha cha kuthibitisha, na zote mbili lazima zikubali. Aina ya kingamwili iitwayo IgM ikionekana peke yake kwa mtu mwenye dalili za zaidi ya mwezi mmoja, usiihesabu. Mara nyingi inadanganya.

Na kama hakuna doa? Karibu mtu mmoja kati ya wanne au watano hana, au hakuliona. Homa, uchovu, kichwa na viungo kuuma, bila kikohozi wala mafua, baada ya kushinda mahali penye kupe: mweleze tabibu habari ya kupe kabla hajakuuliza. Nenda hospitali siku hiyohiyo ukiona uso unapinda, shingo imekakamaa, unazirai, moyo unadunda polepole au unarukaruka, au pumzi inakata. Lyme inaweza kuzuia umeme wa moyo, na hilo hugunduliwa kwa kipimo cha umeme wa moyo cha dakika chache.

Hatua ya 5: Jiulize kupe huyo ni wa wapi

Lyme ni ya Marekani ya Kaskazini, Ulaya na sehemu za Asia. Homa baada ya kupe wa Afrika kusini mwa Sahara mara nyingi ina jina lingine, na swali la "ulikuwa wapi?" linaokoa muda kuliko orodha ndefu ya vipimo.

Kigaga cheusi pale ulipoumwa, pengine viwili au vitatu, pamoja na homa na tezi zilizovimba, ni alama ya homa ya kupe ya Afrika, inayoletwa na Rickettsia africae. Wengi hutibiwa malaria kwanza. Ikiwa kipimo cha malaria hakioni kitu, vua nguo utafute kigaga.

Homa inayopanda siku kama tatu, ikaondoka karibu wiki, ikarudi tena, ni homa ya papasi. Papasi si kama kupe wengine: anakaa kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, anauma usiku kwa dakika chache na kujificha, hivyo hakuna atakayemwona. Hapa damu inasaidia sana, mradi ichukuliwe wakati homa iko juu. Slaidi ileile ya malaria inatosha, ila mwombe mtaalamu wa maabara atazame pia nje ya chembe nyekundu, atafute vijidudu vilivyojisokota. Asipoambiwa, macho yake yanatafuta malaria tu. Mjamzito mwenye homa hii awahishwe, kwa kuwa mimba inaweza kuharibika.

Kwa aliyetoka bara la Amerika, ninayoihofia zaidi ni homa ya madoa ya Rocky Mountain. Vipele huanza vifundoni mwa mikono na miguu siku chache baada ya homa, au havionekani kabisa. Hiyo inaua, na dawa inatakiwa ianze ndani ya siku 5 za kwanza, kwa kushuku tu, hata kwa mtoto mdogo. Halafu kuna kimelea aitwaye babesia, anayeingia ndani ya chembe nyekundu kama malaria. Doksisaiklini haimwezi. Homa isiyoshuka baada ya siku mbili tatu za doksisaiklini inakutaka urudi utafutiwe huyo.

Hatua ya 6: Dawa

Kwa doa la Lyme, mtu mzima: doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku, siku 10. Mjamzito, au asiyeweza kuitumia, hupewa amoksilini miligramu 500 mara tatu kwa siku, siku 14. Uso uliopinda hutibiwa wiki mbili hadi tatu, goti lililovimba siku 28. Moyo ukiguswa vibaya, ni kulazwa na kupewa seftriaksoni, antibaiotiki ya kupitia mshipa. Haya ni ya kujadili na tabibu wako, si ya kununua mwenyewe dirishani.

Kidonge cha doksisaiklini kinywe kwa glasi nzima ya maji na usilale kwa nusu saa, kwa maana kikikwama kinachoma koo. Madini ya chuma na dawa za kiungulia visimezwe pamoja nacho. Jikinge na jua, ngozi inaungua haraka. Na siku ya kwanza homa na maumivu vinaweza kupanda badala ya kushuka, bakteria wanapokufa kwa wingi. Kwa homa ya papasi hali hiyo inaweza kuwa kali, mgonjwa akae karibu na wahudumu. Usiache dawa kwa sababu hiyo.

Hatua ya 7: Baada ya dozi

Usirudie kipimo cha kingamwili ili kuona kama umepona. Kinaweza kubaki kikikubali kwa miaka, na nimewaona watu wazima wakilia kwa karatasi ya namna hiyo. Tazama mwili: doa limefifia, goti limeshuka, nguvu inarudi. Baadhi hubaki na uchovu na maumivu kwa miezi. Ni ya kweli, hawajifanyi, wanastahili kusikilizwa na kufuatiliwa. Lakini majaribio ya kuwaongezea antibaiotiki kwa miezi hayakuleta nafuu ya kudumu, na madhara yake yalionekana, kwa hiyo yeyote anayekuuzia dripu za miezi sita, mkatae.

Kupona hakukupi kinga ya kudumu. Shemeji ameshang'oa kupe wengine wawili tangu wakati ule, na kila mara hunitumia picha ya ngozi yenye mstari wa kalamu na tarehe.