Jinsi ya kusoma sayansi ya kubuni na fantasia ukiwa Moshi na bando la buku

Kila nikiweka picha ya kitabu kwenye stetasi napata swali lile lile, kaka hivyo vitabu vya sayansi ya kubuni (safari za angani, mashine ambazo bado hazipo) na fantasia (majoka na nguvu za ajabu) unatoa wapi na mimi nianze na kipi, sasa naandika mara moja tu ili ukiniuliza nakutumia hii, nishachoka kurekodi voisi noti za dakika nane nane huku bodaboda zinapiga honi nyuma.

Kabla ya yote toa kichwani ile ya kwamba haya ni mambo ya wazungu. Hapa hapa mlimani Kilimanjaro, kwenye hadithi, watu walishaenda mwezini zamani sana. Kuna hadithi ya kichaga ya kijana anaitwa Murile, mama yake alimgombeza akakasirika, akachukua kiti cha baba yake akakikalia akakiambia kipae, kikapaa nae mpaka juu, akatembea anauliza njia hadi akafika kwa mfalme wa Mwezi, anakuta watu kule wanakula vitu vibichi kwa sababu moto hawaujui. Akawawashia moto, na wakamlipa ng'ombe. Bruno Gutmann, mmisionari wa kijerumani aliyekaa Old Moshi, alikusanya hadithi nyingi za wachaga miaka ya mwanzoni mwa 1900 akazichapisha. Sasa angalia, kuna chombo cha usafiri, kuna wakazi wa sehemu nyingine na kuna teknolojia mpya imefika imelipiwa ng'ombe (mchaga hata mwezini hatoi kitu bure). Kama hiyo sio sayansi ya kubuni basi sijui ni nini.

Haya, kosa ambalo karibu kila mtu anafanya ni kuanza na kinachovuma. Unaona watu wote mtandaoni wanalia na Onyx Storm ya Rebecca Yarros, majoka na mapenzi, ilitoka Januari 2025, na wewe unaitafuta, kumbe ni kitabu cha tatu, cha kwanza ni Fourth Wing cha 2023, unafungua kurasa kumi watu wanasalimiana kama wanajuana miaka na wewe umekaa kama mgeni kwenye kikao cha ukoo. Au Wind and Truth ya Brandon Sanderson, hiyo ni ya tano kwenye mfululizo wake na ina kurasa zaidi ya 1,300, aisee ukiilalia inafaa kuwa mto. Mimi mwenyewe nilianza hivyo hivyo, nikaokota bonge la kitabu kwenye mitumba ya soko la Memorial hapa Moshi, jalada zuri, bei ya kutupa, wiki tatu baadae ndio nakuja kuona kwa maandishi madogo kwamba ni kitabu cha nne. Kwa hiyo ukinunua mtumba, geuza jalada, fungua kurasa za mwanzo zile zenye orodha ya vitabu vingine vya mwandishi, hesabu hiki ni cha ngapi, ndio utoe hela.

Anza na kifupi. Hawa watu wa Hugo, tuzo ya vitabu vya namna hii ambayo mashabiki wenyewe wanachama wa Worldcon, mkutano wao wa dunia, wanaipigia kura na ipo tangu 1953, wamegawa kazi kwa urefu, hadithi fupi ni chini ya maneno 7,500, halafu kuna ya kati inaenda mpaka 17,500, halafu novela inaishia 40,000, juu ya hapo ndio riwaya. Mgawanyo huo ni ramani nzuri ya mtu anayeanza. Hadithi fupi unaimaliza ukiwa kwenye foleni ya kinyozi, novela unaimaliza wikiendi moja. Kinachoshinda riwaya bora utakifikia tu, mwaka 2025 ilikuwa The Tainted Cup ya Robert Jackson Bennett, upelelezi ndani ya dola ambalo linajengwa kwa mimea na miili ya watu iliyobadilishwa, ni kitamu lakini kina majina mengi, kwa mtu wa kwanza kwanza siwezi kumpa hicho.

Ninachompa mtu wa kwanza ni Binti ya Nnedi Okorafor, na sio kwa sababu jina ni letu tu. Ni novela ya 2015, haifiki kurasa 100, binti wa Kihimba kutoka Namibia anatoroka nyumbani usiku kwenda chuo kikuu ambacho kipo sayari nyingine, amejipaka ule udongo mwekundu wa kwao, wenzake kwenye foleni wanamshangaa na kumshika nywele. Msichana yeyote aliyewahi kupanda basi kutoka Rombo kwenda chuo Dar anaijua ile hali, tofauti ni kwamba huyu anasafiri ndani ya chombo cha angani ambacho ni kiumbe hai, kinaitwa Third Fish, yaani Samaki wa Tatu. Ilichukua Hugo na Nebula, tuzo nyingine kubwa ya vitabu hivi, zote mbili. Na kwa wale wa tamthilia, wale ambao saa tatu usiku huwapati, wapeni All Systems Red ya Martha Wells ya 2017, nayo ni fupi, msimuliaji ni mlinzi nusu mashine nusu mtu ambaye amejidukua mwenyewe ili asiamrishwe, na badala ya kuua watu kama ungetegemea, anachotaka ni aachwe aangalie sirizi zake kwa amani. Nilimpa dada mmoja wa saluni pale Majengo ambaye aliniapia hasomagi vitabu, akakaa nacho siku nne akarudisha anaulizia cha pili.

Sasa hela. Usiniambie huna hela ya vitabu wakati una bando. Kitabu kizima cha maandishi matupu bila picha mara nyingi hakifiki hata MB 1, video moja ya umbea inakula zaidi ya hapo. Majarida kama Clarkesworld, Strange Horizons na Omenana, hili la mwisho ni la waandishi wa Afrika, hadithi zake unasoma bure kabisa kwenye simu, na hadithi fupi nyingi zinazoingia fainali za tuzo zimetokea kwenye majarida ya namna hiyo, kwa hiyo unasoma walichokula wakubwa bila kutoa mia. Clarkesworld wanazo na za sauti, hizo nazipenda nikiwa naosha vyombo. Vya zamani ambavyo hakimiliki yake imeisha vipo Project Gutenberg, wale wana vitabu zaidi ya 70,000, pakua The Time Machine ya H. G. Wells ya 1895, Kiingereza chake kimekunjamana kidogo ila ni kifupi. Pakua faili la epub, lile ambalo maandishi yanajipanga yenyewe kwa upana wa kioo, sio pdf, pdf kwenye simu ndogo utakuwa unasukuma ukurasa kushoto kulia kama unapiga deki. Fanya hivyo ukiwa na waifai, weka mwanga wa simu chini, umeme ukikatika Jumamosi wewe huna habari. Zile pdf za wizi zinazozunguka kwenye magrupu mimi sizitumi na usiniombe.

Vya Kiswahili pia vipo, sema hatuviiti sayansi ya kubuni wala fantasia. Kusadikika ya Shaaban Robert, 1951, ni nchi inayoelea angani, tuliisoma shule tukakariri dhamira na maudhui basi utamu wote ukaishia kwenye mtihani, irudie leo ukiwa huna mtihani. Walenisi ya Katama Mkangi, 1995, jamaa amehukumiwa kifo anatiwa kwenye chombo cha angani, anafika nchi ambayo jina lake ukilikata vizuri linasema wale ni sisi. Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, 2001, babu anatoka kaburini kumsumbua mjukuu wake ambaye ni mkubwa serikalini, hiyo soma usiku. Ulizia maktaba ya mkoa kwanza.

Mkishakuwa watu wanne anzeni kukutana, sisi ni Jumapili jioni kwa mama mmoja muuza chai Soweto ya hapa Moshi, kitabu kimoja kinazunguka, na asiyejua Kiingereza vizuri anasimuliwa kwa Kiswahili pale pale. Hapo kwenye kutafsiri ndio kazi ilipo. Ukisema uchawi, nusu ya meza wanawaza tunguri na kesi ya kijijini. Mama yangu alikikuta kitabu chenye picha ya mzee ameshika fimbo inawaka, akauliza mara moja tu, hiki cha nani, kikalala nje na mvua ya masika ikakimaliza. Tangu hapo tumekubaliana, mtu akirusha moto kwa maneno tunasema ana sihiri, akiwa anadanganya macho ni mazingaombwe, na uchawi tunamwachia yule anayeroga tu. Majoka hayana shida, joka ni joka. Kwa jalada lenye picha ya utata, livishe gazeti kama daftari la shule, mimi cha sasa hivi kimevaa ukurasa wa michezo na mama kakiweka mwenyewe kabatini.