Mama kijacho wa Tanga, mtoto njiti anaokolewa hivi

Mama vijacho, na kina baba pia someni hii, maana serikali imeweka vitu vingi vya kuokoa watoto njiti ila wengi tunavijua tukiwa tayari leba. Angalia hii: kati ya 2015/16 na 2022 vifo vya watoto chini ya miaka mitano nchini vilishuka kutoka 67 hadi 43 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, lakini vya siku 28 za kwanza vimetoka 25 hadi 24 tu. Inauma sana.

Anza kliniki mapema, ukikosa hedhi tu nenda. Njiti ni aliyezaliwa kabla ya wiki 37, sasa ukienda na tumbo la miezi sita nesi atakisia tu tarehe. Utapimwa presha, damu na mkojo, utapewa chandarua, vidonge vya damu, na miezi mitatu ya kwanza ikipita, SP (dawa ya kuzuia malaria) unaimeza palepale. Malaria, presha na UTI vinaleta uchungu kabla ya wakati, kwa hiyo mkojo ukichoma usikimbilie dawa za dukani.

Tumbo likikaza na kuachia, chupa ikivunjika, ukiona damu au kichwa kinauma na macho yana ukungu, piga 115, ni bure, ndiyo m-mama, usafiri wa dharura wa wajawazito na vichanga. Ambulensi ikiwa mbali anatumwa dereva wa jamii na serikali ndiyo inamlipa. Kama uko Tongoni au Pongwe ndani ndani, taja msikiti au shule iliyo jirani. Ukiwahi unaweza kuchomwa sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto, nayo inahitaji muda ifanye kazi, sasa ukikaa nyumbani unakandwa unampotezea mtoto muda huo. Zahanati wakisema nenda Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, usibishe, mtoto anasafiri salama zaidi akiwa tumboni kuliko akishatoka.

Akishazaliwa, manesi wakisema yuko sawa, ni kangaruu. Mvue abaki na nepi, kofia na soksi, mlaze kifuani katikati ya matiti, ngozi kwa ngozi, miguu imekunjwa kama ya chura, kichwa kigeuzwe upande na shingo isijikunje pua ikaziba. Funga kanga ikaze, ukingo wa juu ufike chini ya sikio lake. Lala umeegemea mito, usilale chali kabisa. Saa nyingi kadiri unavyoweza, usiku na mchana, ukichoka baba au bibi avue shati ampokee, hakuna aibu hapo. Asiponyonya vizuri kamua maziwa umpe kwa kikombe kidogo kama nesi alivyokuelekeza.

Mwenye ajira: sheria ya kazi ilirekebishwa, tangu 2025 ukijifungua njiti likizo inaongezwa zile wiki zilizobaki mimba kufika wiki 40. Peleka HR barua ya daktari inayoonyesha wiki.

Mkisharuhusiwa, akikataa kunyonya, akawa wa baridi, wa manjano au anahema kwa shida, rudi hata saa nane usiku, 115 inabeba na vichanga.