Namna ya Kusoma Karatasi ya Majibu ya Homa ya Ini B

Wiki niliyoanza kazi kwenye maabara ya utafiti wa ini nilichanjwa homa ya ini B, kama wenzangu wote. Siku ya sita ilitakiwa damu ya mtu asiye na ugonjwa ili kujaribia mashine mpya, nikanyoosha mkono. Jibu likatoka: HBsAg, alama ya kirusi cha homa ya ini B, chanya. Usiku ule sikupata usingizi. Asubuhi mtaalamu mmoja wa maabara, mwenye umri wa baba yangu, aliniuliza swali moja tu: "Chanjo umechoma lini, mwanangu?" Chanjo yenyewe ni HBsAg, yaani ganda la kirusi lisilo na kirusi ndani, na kwa wiki mbili na ushei kipimo kinaweza kulikuta bado likielea kwenye damu. Kwa hiyo ukishachanjwa, acha mwezi upite kabla ya kupima HBsAg.

Sasa chukua karatasi yako. Tafuta mistari mitatu: HBsAg, anti-HBs na anti-HBc. Ukikuta mmoja tu, rudi uombe na ile mingine, maana mmoja peke yake humdanganya hata mganga.

HBsAg ikiwa chanya, kirusi kimo mwilini. Alama hii aliigundua Baruch Blumberg katika miaka ya 1960 kwenye damu ya mzawa wa asili wa Australia, wala hakuwa akitafuta ugonjwa wa ini. Alikuwa akichunguza jinsi damu za watu zinavyotofautiana. Mwaka 1976 akapewa Tuzo ya Nobel. Ila alama hiyo haikuambii kirusi kimekaa kwa muda gani. Rudia kipimo baada ya miezi sita: ikiwa bado ipo, ugonjwa ni sugu. Mtu mzima akiambukizwa, mwili wake kwa kawaida hukifukuza wenyewe, na wanaobaki nacho hawafiki 5 kati ya 100. Kwa mtoto anayeambukizwa wakati wa kuzaliwa mambo ni kinyume, kwani karibu 90 kati ya 100 hubaki nacho. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa mgonjwa huwa ni kuhusu mama yake.

Anti-HBs ni kingamwili, nayo huja na namba. Mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya mwisho ya chanjo, 10 na kuendelea ni kinga. Basi.

Mstari wa tatu ndio watu wanaouruka, na ndio ninaoupenda kuliko yote. Chanjo haiwezi kuleta anti-HBc, kwa sababu chanjo ni ganda tu, ilhali kingamwili hii hutengenezwa mwili ukishakutana na moyo wa kirusi. Ukiwa na anti-HBs pekee, umechanjwa. Ukiwa na anti-HBs pamoja na anti-HBc, umewahi kuambukizwa na mwili ukashinda. Zamani kwenye daftari la utafiti niliwaandika watu hao "wamepona". Siku hizi naandika "waliwahi kuambukizwa", kwa sababu kirusi hiki huacha mbegu yake ndani ya kiini cha seli za ini, ikalala humo maisha yote. Kinga ikishushwa kwa dawa za saratani, hasa rituximab, mbegu ile inaweza kuamka na kulichoma ini kwa kasi ya kutisha. Mwonyeshe daktari mstari huo kabla hajakuandikia dawa za aina hiyo.

Na anti-HBc ikiwa chanya peke yake? Huenda ni kosa la kipimo, huenda ni maambukizi ya kale, huenda kirusi kimejificha. Rudia, na upime DNA ya kirusi.

Mwenye HBsAg chanya asiishie hapo. Anahitaji wingi wa virusi, ALT na AST (vimeng'enya vinavyovuja kwenye damu ini likiumia), chembe sahani (zile za kugandisha damu) na kipimo cha homa ya ini D, kirusi kisichoweza kuenea bila kuvaa ganda la B. Karatasi nyingi huandika kuwa ALT ya 40 ni ya kawaida, lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2024 umeshusha kikomo hadi 30 kwa wanaume na 19 kwa wanawake.

Kuna hesabu unayoweza kuifanya mwenyewe, inaitwa APRI. Gawa AST yako kwa kikomo cha juu cha maabara, gawa tena kwa chembe sahani (kwa maelfu), kisha zidisha kwa 100. AST 80, kikomo 40, chembe sahani 100: unapata 2. Ikizidi 0.5, ini limeanza kuwa na makovu ya kushughulikiwa. Ikizidi 1, daktari aanze kufikiria sirosisi, yaani ini lililojaa makovu. Hesabu hii hukosea mara kwa mara, lakini ni bora kuliko kungoja macho yageuke manjano.

Mwenza wako, watoto wako na ndugu zako wa tumbo moja nao wapimwe mistari yote mitatu, na asiye na alama yoyote achanjwe. Kula sahani moja hakuambukizi, kuchangia wembe kunaambukiza. Mjamzito mwenye HBsAg amwambie mkunga mapema, ili mtoto achanjwe ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa.